Bendera ya Kumi na Nne

Mwanzo wa Aprili, theluji imebaki vivulini tu,
chafu kama chumvi iliyokanyagwa.
Winifred Haskell anazungusha keekee ardhini,
nami nyuma yake nabeba bendera za waridi
thelathini na moja, kila moja na namba yake.
Hii ndiyo kazi yangu hapa Maine:
kuchomeka vijiti mahali ambapo maji
yanakoma kuwa siri.

Udongo unapanda. Anauvunja kwa kidole gumba,
anaulinganisha na kitabu chake cha rangi.
Inchi kumi chini ni kijivu, jivu la jana,
na ndani ya kijivu, vitone vya kutu,
kana kwamba msumari ulilia humo.
"Maji yalikaa," anasema.
Basi. Nachomeka.

Armand Thibodeau anatutazama juu ya trekta aliyoizima.
Sheria inapaita ardhioevu.
Yeye anapaita konde la nyuma;
baba yake alipaita malisho ya farasi.
Mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, napaita chepechepe,
kwa kuwa viatu vyangu vinasema hivyo:
chepe, chepe.

Nyumba ya Noella imeshachorwa.
Binti anarudi kutoka Portland na mapacha.
Armand anatandaza karatasi kwenye boneti:
sebule hapa, jiko hapa, dirisha la mashariki.
Mstari wetu unapita katikati ya jiko,
halafu sheria inadai futi sabini na tano zaidi,
nafasi ya maji kupumua,
na hizo zinameza sebule, vyumba, kibaraza
na nusu ya mahali pa kuegesha gari.

"Miaka arobaini na miwili," anasema,
"nalipa kodi ya kila inchi. Chura amelipa ngapi?"
Winifred anafuta keekee kwa kitambaa.
Nataka kucheka. Nataka pia kumshika bega,
maana swali lake si la kijinga.
Adhabu ya kaburi aijuaye maiti,
na ya mstari, aliyekatwa jiko.

Lakini chini ya mteremko anaishi Ottilie Crane, mjane;
pampu yake hukoroma masika yote.
Mwaka ule jirani wa juu alipofukia dimbwi kwa kifusi
maji yalikwenda kubisha kwake,
yakapanda ngazi tatu, yakaketi juu ya friza.
Maji hayasomi hati. Ukiyanyima kitanda
yatalala kwa mwenzio.

Kesho yake narudi peke yangu kuhesabu.
Thelathini na moja. Hesabu kamili.
Ila ya kumi na nne iko hatua saba
karibu zaidi na matete,
na kutoka tundu la zamani hadi jipya
kuna nyayo za buti, kisigino cha kulia kimelika,
kila unyayo umejaa maji hadi ukingoni,
juu yake ngozi nyembamba ya barafu.

Anakuja na vikombe viwili vya kahawa.
"Ya kumi na nne imetembea," nasema.
"Bendera hazina miguu."
"Hii ilivaa buti."
Anazitazama nyayo, muda mrefu.
Ndani ya ndago kitu kinaanza kukwaruza,
kama bata aliyesongwa na mkate,
mmoja, kisha kumi, kisha huwezi kuhesabu.
"Noella alikuwa akiwabeba kwenye kofia," anasema,
halafu ananyamaza, kama aliyejisaliti.

Anakingʼoa kijiti mwenyewe, anakirudisha hatua saba
akilaani kwa Kifaransa cha bibi yake.
Kisha ananyoosha kikombe juu, kwenye ghala:
"Pale ni mwamba mtupu. Bila baruti hapachimbiki.
Dirisha litatazama magharibi."

Simwambii kuwa ni sawa. Mwamba una gharama,
na hao wanaoimba kwenye ndago
hawatamchangia hata senti.
Nanywa kahawa yake, chungu, nzuri.
Miguu yangu imelowa hadi soksi
pande zote mbili za mstari.